Neno Nililomchagulia Mama Chisomo

Mwalimu wangu Ngonyani,

Shikamoo. Miezi minne imepita tangu tukuzike, na kazi yako ya kutafsiri ibada kwa Kiingereza hapa kanisani kwetu Temeke wamenikabidhi mie. Wiki za kwanza nilikuwa nakwama katikati ya sentensi. Sasa nimezoea.

Jumamosi tulimzika Chisomo, mtoto wa miaka sita. Baba yake unamfahamu, yule seremala wa Tandika. Mama yake ni Mmalawi, Kiswahili bado kinampa shida, kwa hiyo mchungaji akataka somo lisomwe na kwa Kiingereza. Ni pale Yesu anaposema watoto waachwe waje kwake. Mzee wa kanisa akanipa Biblia yako ya Kiingereza, ile kuukuu uliyoishona jalada kwa uzi wa viatu. Nikafungua. Neno lenyewe la kwanza ni suffer.

Nikakumbuka barazani kwako, tunakula mihogo, umeweka kidole juu ya neno hilohilo. Ukasema, "Zamani maana yake ilikuwa ruhusu. Leo ukilitamka, mtu anasikia mateso. Kabla hujafungua mdomo, tazama nani amekaa mbele yako."

Nikamtazama mama yake Chisomo. Mwanawe alikuwa ameteseka wiki tatu wodini, Mwalimu. Nikasema let, yaani waacheni.

Baada ya maziko mzee akanivuta pembeni. "Umebadilisha maneno ya Biblia ya Mwalimu." Nikamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, ni yeye aliyenifundisha." Sijui kama aliridhika. Mama Chisomo yeye aliniomba nimwandikie mstari ule kwenye karatasi, vilevile nilivyousoma. Nikaandika. Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Jambo moja bado tunabishana. Wewe ulishikilia kwamba neno upendo katika Biblia lisomwe charity, kama lilivyo katika Biblia yako, eti love imechoshwa na nyimbo za mapenzi. Mie nikasema charity siku hizi watu wanafikiria magunia ya msaada. Ukacheka, ukasema nikikua nitaelewa. Nimekua, Mwalimu, na bado nasema love. Natamani ungekuwepo unibishie.

Basi, kwaheri. Pumzika, kazi iko mikononi mwangu na naiweza. Nakuahidi hili: sitamsomea mtu aliyefiwa neno litakalomuumiza, kwa sababu tu ndivyo lilivyochapwa.

Mwanafunzi wako,
Tumaini