Kware wa Mama kwa Mafuta ya Zeituni

Jikoni kwa Bwana Mkubwa,
Toledo, Hispania.
14 Novemba 1587.

Mpendwa mdogo wangu Tello,

Hujambo huko Meksiko? Watoto hawajambo? Ile homa ya mkeo Brígida imeisha? Mimi mwili hauna neno, ila moyo umejaa nyongo, na hapa sina wa kumwambia.

Mzee Antolín, mpishi wetu mkuu, amefariki. Mungu amrehemu. Unajua nimekuwa msaidizi wake tangu ujana, na mwenyewe alishasema jiko litakuwa langu. Nikaanza kujiona, mjinga mimi.

Wiki ya kuchinja nguruwe, msimamizi wa nyumba alinipa karamu nzima niipike, anipime. Kware niliwakaanga kwa mafuta ya zeituni, kama alivyofanya mama. Sikufikiri hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe. Nuño, mtunza stoo, akaingia, akavuta pua.

"Jamani, nuseni! Nguruwe wamejaa uani, yeye anakaangia zeituni kama Myahudi! We Melchor, babu yako alikuwa anasali wapi?"

"Pale pale alipobatizwa wako," nikamjibu.

Watu walicheka, msimamizi hakucheka. Alileta kipande cha nguruwe, akaniamuru nile mbele ya wachoma nyama na waosha masufuria. Nilikula, Tello. Nimekula nguruwe maisha yangu yote! Alinitazama mpaka nikameza.

"Haya, umekula," akasema. "Lakini nyumba hii haiweki mpishi mkuu mwenye damu ya mashaka, inayonuka Uyahudi."

Jiko akapewa mkwe wa Nuño, ambaye hata mchuzi unamkatikia.

Wale kware walirudi kutoka mezani mifupa mitupu. Sasa bwana anawataka kila mara, na huyo mkwe ananivuta pembeni: "Kaka, nipikie tena wale wako, nitapeleka mimi." Hapo hakuna anayenusa kitu. Napika, kwa sababu sina pa kwenda. Nimefika mahali namkasirikia mama kaburini kwa mapishi yake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Shangazi Urraca anawasalimu sana, na binamu Froilán pia. Nisalimie Brígida. Mwambie akaangie mafuta ya nguruwe, madirisha wazi, majirani wanuse. Na watoto wenu, nakuomba, wasiijue kabisa ladha ya chakula cha bibi yao.

Mungu awafunike na macho ya watu.

Kaka yako akupendaye,
Melchor