Namba Tulizozifuta

Baba yangu,

Shikamoo, popote ulipo.

Unakumbuka siku tulipomtengenezea mama kile kidude chake cha kusikilizia, masikio yake yalipoziba? Wewe ulilehemu, mimi ukanipa msasa nifute namba kwenye IC, ile chipu nyeusi yenye miguu minane. "Futa vizuri," ulisema. "Wale mafundi wa Lusahunga wakiiona namba tu, kesho wanauza cha kwao." Nilifuta kwa fahari, hata sikuisoma. Mama akavaa spika za masikioni, akasikia kuku wanavyokwaruza nje, akacheka mpaka akakaa chini. Wenzako walikuita mchoyo. Mimi nilikuona bingwa.

Kidude kikafa wiki ile uliyozidiwa. Namba ulishaisahau. Nami, fundi mzima mwenye kibanda changu Lusahunga, niliona aibu kuwauliza wenzangu. Nikawa nakaa hapo nyumbani Murusagamba, kando ya kitanda chako, na mita ya kupimia umeme mkononi, nabahatisha tu.

Tulipokwisha kukuzika ndipo nikaweka picha kwenye kundi la mafundi kwenye simu. "Wenzangu, nisaidieni. IC haina namba, tulizifuta wenyewe." Nilijua watacheka, na walicheka kweli. Mmoja akauliza kama mzee alikuwa anaficha dhahabu. Lakini fundi wa Biharamulo akaniambia nipime umeme mguu kwa mguu, na yule wa Kibimba akasema, "Dada, achana nayo hiyo. Tuchore saketi mpya, nitakuelekeza." Siku mbili tu, baba, kipya kikawa tayari. Siku mbili, na mimi nilipoteza wiki yako ya mwisho nzima. Nina hasira na wewe. Na mimi mwenyewe zaidi.

Jana mama alivaa hicho kipya. Hakucheka. Aliuliza, "Baba yako alisema nini siku ile ya mwisho?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. Nikasema, "Alikuita, mama. Mara mbili. Ulikuwa umempa mgongo, unamenya ndizi. Mimi nilikuwa nimeinamia kidude, nikidhani ataita tena ndipo nikushtue."

Hukuita tena. Nadhani ulifikiri mama amekununia, na hilo ndilo linaloniliza hadi leo.

Mama akakigeukia kitanda chako kitupu, akaitika, "Abee, baba Editha."

Pumzika sasa, baba.

Mwanao,
Editha