Huyo Rose Mama Yake Nani?

Mama yangu mpendwa,

Najua huko uliko hakuna anayeuliza jina linatamkwaje. Huku bado wanauliza, na mimi bado sina haraka ya kuwarahisishia.

Unakumbuka siku uliyonipeleka shule Kasense, tukiwa wageni kutoka Usukumani, hata ng'ombe wetu hawajazoea baridi ya Ufipa? Mwalimu alijaribu jina langu, akakwama, darasa likacheka. Mwishowe akaweka kalamu chini. "Mama, huyu tumwite Rose tu. Itamsaidia."

Mimi nilikuwa tayari kuwa Rose, mradi kicheko kiishe. Wewe ukafunga vizuri khanga yako.

"Mwalimu, tangu nimzae huyu hakuna anayeniita jina langu la usichana. Mtaa mzima mimi ni Mama Ng'washi. Sasa huyo Rose mama yake nani?"

Akajaribu tena. Ulisimama mlangoni na kibuyu chako cha maziwa mpaka likamtoka lilivyo. "Umeona, Mwalimu? Wala jino halijang'oka." Nilikupenda siku ile mpaka nikaona aibu kukutazama.

Serikali iliporuhusu watu binafsi kuuza nafaka, ukaanza kuuza mahindi na ulezi mtaani Kizwite. Wateja walilipinda jina lako kila namna, ukawasahihisha huku ukiwapimia. Aliyelipatia ulimwongezea konzi moja ya nafaka. Haukupita muda, hata wazee wa Kifipa walikuwa wakikuita Mama Ng'washi kutoka ng'ambo ya barabara.

Sasa wewe hupo. Nilipata kazi kwenye duka jipya la nguo, Katandala. Juzi tajiri akaniambia, "Dada, wateja wanahangaika na jina lako. Hapa dukani utakuwa Rose, sawa?"

Rose yule yule, Mama! Kanifuata mpaka mjini.

Nikamwambia si sawa. Akasema kama jina ndilo mtaji, nikafungue nalo duka langu. Nikavua aproni yake, nikaikunja, nikaiweka juu ya kaunta. Shangazi ananiita jeuri, eti mkono mtupu haulambwi. Aseme. Kazi naitaka sana, na kesho naamka kutafuta nyingine. Lakini watu wa Kizwite hawakujui kwa jina jingine. Nikikubali kuwa Rose, nitakuwa nimekuzika mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu mwenyewe.

Lala salama, Mama. Bado unaitwa.

Mwanao wa kwanza,
Ng'washi