Kitongoji Kilichonitii

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu yamekaa juu ya kilima cha Rebero kama hayana kwao, na mimi nina hasira. Anayetafuta maneno matamu leo aende kwa jirani.

Asubuhi tulikuwa na umuganda, ile kazi ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi. Hapa kwetu Kagarama, Kigali, tulichimba mtaro wa maji ya mvua. Msimamizi alikuwa mzee mmoja mstaafu wa njia yetu, ambaye sikumbuki nani alimchagua. Akachora mstari kwa fimbo, akasema tuchimbe hapo. Hapo penyewe pako juu kuliko maji yanakopita. Hata kuku angeona. Nikafungua mdomo, lakini Mama Shukuru akanivuta kitenge. Huyu ni jirani yangu, amekulia Bujumbura, anauza nguo kule Sonatubes, na hana muda wa mabishano.

"Wacha, sha Zaina. Mzee amesema ni hapa, basi iko hapa. Sisi tuchimbe, turudi kupika. Mvula ndiyo itamwambia."

Nikafunga mdomo, nikachimba. Mgongo unaniuma mpaka sasa.

Nimeoga, nimekaa mbele ya kompyuta, na natakiwa kuandika wasifu wa kitongoji kimoja cha Indonesia, kwenye milima ya kisiwa cha Sumatra. Kazi yangu ni kuonja kahawa. Mnunuzi wetu mkubwa wa ng'ambo ananunua hapa Rwanda na kule pia, na mapema mwaka huu alinituma huko wiki tatu nikawaonyeshe wakulima namna sisi tunavyokausha kahawa yetu. Sasa anataka maneno ya kuweka kwenye tovuti yake: watu, mandhari, tabasamu. Bosi anayasubiri Jumatatu.

Haya. Wasifu ndio huu.

Kitongoji kiko mwisho wa barabara ambayo haistahili jina hilo. Nyumba za mbao, mapaa ya bati, msikiti mmoja wenye kipaza sauti kibovu. Mvua inanyesha kila siku baada ya adhuhuri, na baridi yake haina adabu. Kahawa inaanikwa juu ya turubai kando ya njia. Pikipiki zinapita pembeni, kuku wanapita katikati. Samaki wao wa ziwani ni mchachu na ana pilipili ya kuadhibu watu. Nililia mezani. Hakuna aliyecheka, na hilo nalo likaniudhi. Lugha yao siijui, kwa hiyo tulielewana msikitini tu, kwenye Fatiha; tukitoka mlangoni kila mmoja anarudi kwenye ububu wake. Ni watu wapole mpaka wanachosha. Siku ya kuondoka niliapa uwanja wa ndege kwamba sirudi.

Huo ndio wasifu. Bosi hataupenda.

Mwenyeji wangu alikuwa mjane wa makamo anayeitwa Inen Rahma, yaani Mama Rahma, maana kule nao humwita mama kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mwenyewe ni wa maneno machache. Binti yake Rahma ni mwalimu, anajua Kiingereza, ndiye aliyekuwa ulimi wangu.

Siku ya kwanza niliwapikia kahawa niliyoibeba kutoka nyumbani. Niliipika kwa majivuno yote ya taifa. Maji ya moto yalipoigusa tu, harufu ya maganda ya viazi vibichi ikajaa chumba. Anayeijua kahawa yetu anaijua aibu hiyo: mdudu mmoja, punje moja, birika zima limekwenda. Wakanywa wote mpaka tone la mwisho. Kisha Inen Rahma akauliza, kupitia kwa binti yake, kama kwetu kahawa huchanganywa na viazi. Aliuliza kwa dhati kabisa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisirani changu kilianzia hapo. Siku ya pili niliamka na nia ya kuwaonyesha mimi ni nani.

Hapa kwetu kahawa ikishaoshwa tunaianika kwenye vichanja ikiwa na ngozi yake ngumu ya ndani. Inakaa wiki mbili au zaidi, akina mama wakiichambua punje kwa punje, na haikobolewi mpaka ikauke. Wao wanaikoboa mbichi. Ina maji, laini kama maharage yaliyolowekwa, wanaivua ngozi kwa mashine, halafu ndiyo wanaimalizia kuikausha ikiwa uchi. Nilipoona ile mashine inatema punje za rangi ya kijani na bluu, nyingine zimepondeka, nilipiga kelele. Kweli nilipiga kelele, mbele ya watu wazima, wengine wa umri wa baba yangu. Niliwaambia wanaiua kahawa.

Inen Rahma alinyoosha kidole juu, kwenye mawingu. Rahma akatafsiri kwamba mvua ya pale haisubiri ngozi ikauke.

Nikajibu kwamba hata Rwanda mvua inanyesha.

Hawakubisha. Ila hawakujenga kichanja hata kimoja. Siku tatu zikapita, wananikaribisha chai, wananitandikia mkeka, wanaendelea kukoboa mbichi. Ndipo nikawaambia kwamba mnunuzi hatanunua tena kahawa iliyokobolewa hivyo.

Mnunuzi hakuwahi kusema maneno hayo.

Niliyatoa kichwani mwangu, kwa sababu ya harufu ya viazi. Nimeyaficha mpaka leo, na hapa ndipo ninapoyaandika kwa mara ya kwanza.

Kesho yake Inen Rahma alianza kupigilia mbao. Mavuno yake yote ya kwanza ya msimu yakapanda kichanjani, na ngozi yake, kama nilivyotaka. Kila saa aliyageuza. Mvua ikija anafunika, ikikatika anafunua. Wiki mbili zilizobaki jua lilitokeza kwa kusitasita tu, lakini mimi nilijisemea litakuja. Nikapanda ndege nikiwa na furaha, nikajiona nimeacha elimu.

Juzi Alhamisi sampuli yake ilifika mezani kwangu. Sikuhitaji hata kuionja. Nilifungua mfuko, ukungu ukanipiga usoni, na palepale nikajua ni ya nani na ni kwa nini. Kwenye fomu yetu kuna nafasi ya kuandika chanzo cha tatizo. Nikaandika: uzembe wa mkulima.

Maneno matatu.

Bosi akayasoma, akafurahi. "Sawa kabisa, Zaina. Hiyo uweke hata kwa wasifu, pole pole, client ajue problem iko kwao, haiko kwetu." Mnunuzi akishasoma hivyo kitongoji kinatolewa kwenye orodha, na hakuna mnunuzi mwingine anayepanda barabara ile. Nilijua hilo. Ijumaa nilikula, nililala, nikaswali.

Leo nimetoka kuoga, nikakuta Rahma amenitumia picha. Vichanja. Si kile kimoja cha mama yake. Viko mbele ya kila nyumba, mbao mpya bado nyeupe, nailoni zimekunjwa vizuri pembeni. Chini ameandika kwamba kesho asubuhi nyumba zote zinaanza kuchuma, na mama anauliza: tugeuze mara ngapi kwa siku?

Nimewatukana. Nimezunguka chumba hiki nikiwatukana kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na kwa Kifaransa cha marehemu baba yangu. Mwanamke ameona kahawa yake ikiota ukungu mbele ya macho yake, na bado anawaacha majirani wanunue mbao! Kwa nini hawabishi? Watu wazima, wamelima kahawa tangu enzi za babu zao, anakuja mwanamke mmoja wa Kigali na kahawa yake inayonuka viazi, wanamtii. Nani aliwafundisha kutii upuuzi?

Nilipokaa tena nikaona matope ya mtaro bado yako chini ya kucha zangu.

Matusi yakaishia hapo.

Niseme ninachokiogopa, maana hapa hakuna wa kunisikia ila nyinyi wachache mnaonisoma hapa. Mji huu ni mdogo na watu wa kahawa wote wanajuana. Mwonjaji aliyesema uongo kwa jina la mnunuzi, kisha akamsingizia mkulima, hana meza tena Kigali. Nina miaka kumi na miwili kwenye meza ile. Hakuna kitu kingine ninachokijua vizuri.

Lakini kule tayari ni jioni, na asubuhi wanaingia shambani.

Nimemwandikia Rahma. "Mwambie Mama msianike kwenye vichanja. Koboeni kama mlivyozoea. Mnunuzi hakuikataa kahawa yenu, ule ulikuwa uongo wangu. Kahawa ya Mama niliiozesha mimi." Nikanakili maneno hayohayo, nikampelekea bosi pamoja na mnunuzi, nikaongeza kwamba fomu ya Alhamisi si ya kweli. Nilituma haraka, kabla sijaanza kuyarembesha.

Bosi kimya. Mnunuzi kimya. Rahma hakukawia.

"Mama anasema alijua itaoza tangu wiki ya kwanza. Majirani wote walijua. Lakini ulisema mnunuzi hatanunua. Akituacha tutamuuzia nani? Tulijenga tukitumaini jua."

Nilidhani wananiheshimu. Chai yote ile, mikeka yote ile, kule kunywa viazi vyangu mpaka tone la mwisho. Walikuwa wananiogopa, na mimi nikaita upole.

Halafu ukaja ujumbe wa pili. "Mama anashukuru umesema kabla hatujachuma. Anaomba usirudi tena."

Mimi niliyeapa uwanja wa ndege! Nimeusoma mara nyingi, nikitafuta mahali pa kukasirika, sikupata. Kumbe kuapa na kukatazwa ni vitu viwili.

Mvua imeshika sasa. Kutoka dirishani naona maji yanapita pembeni mwa mtaro wetu mpya, yanaelekea mlangoni kwa Mama Shukuru. Mzee amesimama na mwavuli wake, anatazama. Hakuna anayemwambia neno.

Kesho Jumapili. Kule wataamka kabla yangu, watabomoa vichanja, watakoboa kahawa yao ikiwa mbichi, na hakuna atakayeniuliza kitu.