Joto la Mwaka Huu na Ubishi wa Mume Wetu

Chumba cha uani, nyuma ya gereji,
Jumapili, mwezi wa pili.

Mpendwa mke mwenzangu,

Hujambo huko kwenye baridi yako? Kifua kimepona? Unakula, au bado unakunywa chai kavu na kusema umeshiba? Sisi hatujambo, kwa kusukumana tu. Magoti yananiuma, nimeyazoea. Anayeandika ni shangazi yako. Mimi nasema, yeye anashika kalamu, na nimemwonya asinipambie maneno.

Mjukuu wangu, joto la mwaka huu limetuchosha. Adhuhuri, chini ya bati letu, ni kama mtu amekuwekea pasi utosini. Hata jua likizama, kuta zinaendelea kutema moto.

Unamkumbuka Fundi Saa, jirani yetu, aliyekuwa akikupa saa mbovu uchezee? Amefariki. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alijifungia ndani, madirisha kayakomea kwa kuogopa wezi, joto likammaliza humo humo. Msibani watu wakasema siku zake zimefika. Nesi wa zahanati ya serikali, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kugombeza, akasema hapana, ni joto, na kila mwaka likizidi hivi wazee wanaondoka namna hiyo na watu wanasema ni siku zao.

Sasa nikwambie la mume wetu. Usishtuke, yuko hai, amekaa hapa anakoroma. Juzi juzi alikuwa kwenye cherehani yake, akaanza kusema ovyo, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Mwili wa moto, mkavu kama karatasi. Tukajua ni homa. Nikafunga dirisha asipigwe na upepo, shangazi yako akaleta blanketi zito, tukamfunika gubigubi atoke jasho. Hapa shangazi yako ameacha kuandika. Andika, mwanangu. Hukujua, na mimi sikujua.

Tangu Fundi Saa atutoke, nesi alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuangalia wazee. Akaingia, akalivuta lile blanketi, akalitupa uani.

"Mnampika huyu mzee," akasema.

Akammwagia maji, akatuamuru tumpepee kwa kipande cha boksi mpaka gari la zahanati likaja. Hakuna aliyeniuliza nina nini mfukoni. Nasikia watu wakisema zahanati ya serikali haina maana. Waje waniambie mimi.

Amerudi nyumbani, lakini nesi anasema moyo wake umechoka. Akipatwa tena na joto kama lile, hatoki. Jua likiwa kali asikae chini ya bati. Pale zahanati wamewafungulia wazee ukumbi wa kusubiri, kuta nene, maji ya kunywa yapo, bure. Mume wetu hataki. Anasema yeye si mgonjwa wa kwenda kukalia benchi na vikongwe. Kikongwe mwenyewe. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemnunia. Nimechoka, mke mwenzangu, mpaka kununa kwenyewe kunanichosha.

Nesi ndiye aliyempata. Alikuja akalalamika kwamba madirisha ya ukumbi hayana mapazia, jua linaingia, na mafundi aliowaona wanashona kama wanafunga magunia. "Mafundi gani hao?" mume wetu akauliza, na miwani keshaivaa. Kesho yake wakambebea cherehani mpaka ukumbini. Sasa anatoka asubuhi na kurudi jua likishapoa, anatembea kama mtu wa ofisini. Nasikia anawafokea wale vikongwe wasimshikie vitambaa.

Shida ni kwamba mapazia yanakaribia kwisha na joto bado lipo. Nesi amempa mashuka ya kutia viraka, lakini mume wetu si mjinga, ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Kazi ikiisha atarudi chini ya bati, na mimi sina tena nguvu ya kubishana naye. Wala sitaki kumzika.

Kwa hiyo ile feni unayotaka kutuma, iache. Umeme wenyewe unakuja ukipenda. Mpigie mume wetu simu umwagize akushonee koti, maana cherehani iko huko huko ukumbini. Zito, lenye bitana. Usimtajie ugonjwa, wala usiseme ni mimi niliyekutuma. Mwambie makoti ya madukani huko yote yanakubana mabegani. Akishakata kitambaa, mwambie umenenepa, aanze upya.

Baba yako anakusalimu, na shangazi yako, ambaye mkono umemchoka kama mimi mdomo. Nisalimie huyo kijana wako, mwambie asikuache utembee kifua wazi kwenye baridi, nayo inaua vilevile. Mungu akutunze huko tusikokufikia kwa mikono yetu.

Na koti liwe na mifuko mingi. Mifuko inamchelewesha.

Wako akupendaye, hata kama tunagombania mume mmoja,
Bibi yako