Farasi Alimpeleka Mwanangu kwa Baba Yake Mkubwa

Shangazi Veturia mpendwa, huwa nasoma majibu yako gazetini, naomba unisaidie, maana leo ni siku ya nne, mume wangu akiingia mlangoni nageukia jiko kama mwizi.

Naitwa Paraschiva, nakaa kijiji kimoja huku milimani Bukovina, mume wangu Toader anafanya kazi kiwanda cha mbao, na mtoto wetu ni mmoja tu, Anisia, ana miaka minne. Tangu theluji iyeyuke hana wimbo mwingine ila farasi, farasi, basi Jumamosi siku ya gulio nikampeleka kwa mzee Nistor, yule anayepandisha watoto kwenye farasi wadogo wa milimani, akatuchagulia mmoja wa kahawia aitwaye Murgu, akanitania, "Huyu mpole kuliko mumeo," na kweli mtoto alipokaa juu alinyoosha mgongo kama bibi harusi, hakulia wala hakuogopa, nami kwa furaha nikaomba kamba niongoze mwenyewe, tukazunguka uwanja mara mbili, mara ya tatu nikataka picha, Shangazi, nikaiachia kamba ili nitoe simu.

Murgu akaondoka zake na mwanangu mgongoni. Nikapiga ukunga, nikaanza kukimbia, mzee Nistor, aliyekuwa amewashika watoto wengine juu ya farasi, akanifokea, "Usikimbie, mama! Ukimfukuza atatoka mbio, mtoto ataanguka! Tembea!" Basi nikatembea, je, unajua kutembea huku roho inakimbia? Tukapita kanisani, tukavuka daraja, nikawa nambembeleza, "Shika nywele za shingoni, mama, usiachie," naye akanijibu bila kugeuka, "Mama, usipige kelele, anafikiri."

Mwisho yule farasi akaingia kichochoro kimoja, akasukuma geti kwa kichwa, akaenda kusimama mbele ya banda, na hapo nikasita kuingia, kwa sababu lile ni geti la Gavril, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye hatujasalimiana naye miaka mitano, tangu alipomzika mama yao bila kumngoja Toader aliyekuwa njiani kutoka Italia, naye Toader akafika kesho yake akakuta udongo tu. Sikujua kwamba Murgu alizaliwa pale, na kwamba Gavril alimuuza kwa Nistor majira ya baridi, yeye Gavril alipoanza kuumwa nyonga.

Gavril akatoka nje na sabuni ya kunyolea nusu ya uso, akamshika farasi, akamteremsha mtoto. "Wewe wa nani?" "Wa Toader." Akajifuta sabuni kwa mkono. "Basi mimi ni baba yako mkubwa." Nikaketi chini nikalia, mtoto mzima, hana hata mkwaruzo, na yeye anakula mkate na jamu ya plamu aliyopewa. Tulipoaga, Gavril akaanza, "Shemeji, mwambie Toader..." halafu akasema, "Hapana. Usimwambie kitu."

Nikamwambia Anisia hiyo ni siri yetu, lakini juzi tukila ugali na jibini akauliza, "Baba, na wewe una kaka?" Toader akaweka kijiko, akatoka nje. Niseme au ninyamaze? Namba yangu ya simu iko hapa chini.

Paraschiva

*

Paraschiva mwanangu, vuta pumzi. Mtoto yupo na mifupa yake yote, mengine yote yanatengenezeka.

Sasa nikuseme. Mtoto wa miaka minne anapopanda farasi mara ya kwanza, mkono mmoja unashika kamba, mwingine unashika goti lake, na kama huna mkono wa tatu basi hakuna picha. Pili, umepita kanisani na darajani siku ya gulio, mtoto juu ya farasi na wewe nyuma unalia, halafu unadhani hakuna aliyekuona? Kijiji kizima kinajua isipokuwa mumeo! Na tatu, ndilo lililoniudhi hasa: kumfundisha mtoto mdogo kumficha baba yake jambo. Leo ni farasi, kesho utajuaje anachokificha?

Kwa hiyo mwambie Toader leo, ukianza na kosa lako mwenyewe, bila kupunguza. Na umwambie Anisia kwamba mama alikosea, siri imekwisha.

Hayo nilikuambia kwa simu Jumatano, maana barua yako haikuwa ya kungoja gazeti, na jana ukanipigia huku unacheka na kulia. Toader alisikiliza amesimama, ulipofika kwenye kamba akafoka, na ana haki. Kisha akauliza moja tu juu ya kaka yake: "Amezeeka?" Ukamwambia anachechemea. Akaiacha chai ikapoa, akasema Jumapili mkitoka kanisani mtapita kule.

Vizuri. Lakini nakujua kwa barua moja tu, utataka kuwapatanisha wewe. Acha. Usibebe salamu, usianzishe habari ya mazishi, usimsukume mtoto mbele awe ngao. Mwache Toader aingie peke yake. Ukisikia wanagombana, kaa nje. Ukisikia kimya, kaa nje vilevile. Ukiitwa, ingia.