Maji ya Nsansa

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Huku Nyasubi tu wazima, na pacha wako Dotto amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama tulikijua hicho kimeng'enya chenu cha maabara, kinachounganisha sukari na flavonoidi, zile kemikali za rangi na ladha ya majani, mpaka ziyeyuke majini. Jina sikulijua. Ila nilipoolewa Segese nilichemsha nsansa, majani makavu ya kunde, nikamwaga maji yaliyogeuka rangi nikidhani ni uchafu. Mama mkwe akaonja yaliyobaki, akasema taratibu, "Mboga umeimwaga, mwanangu. Haya ni majani tu."

Tangu siku ile mpaka leo, naye amekwishafariki, maji hayo sijayamwaga tena. Na wewe, tangu uende Morogoro nimekuanikia nsansa mara tatu, na mara tatu nimeila mwenyewe.

Bibi yako